Kwa Nini Kila Mtoto wa Kambi ni Winga?

 Leo tunaandika kuhusu mpira. Wale wasiopenda mpira tunawaomba msipite haraka, hii maneno inawagusa pia.

Wiki iliyopita iliingia sauti kwenye grupu yetu ya WhatsApp. Ilitoka kwa mdogo wetu aliyeondoka hapa na familia yake miaka mitano iliyopita, wakapelekwa Australia. Wengi mnamkumbuka, alikuwa anacheza peku na hatoki uwanjani mpaka giza liingie. Sasa ana miaka 17 na amekuwa mrefu kupita mlango. Hachezi tena mpira wetu huu. Anacheza ule wa kwao, wenye umbo la yai, na ameitwa kwenye akademi ya klabu moja kubwa. Tunaandika maneno yake kama alivyoyasema: "Bayaya, huku baliniweka kwa kuruka tu, juu niko murefu. Miye nataka katikati. Kocha anasema tutaona. Munafikiri nitafika?"

Tulikaa na hilo swali siku tatu. Wengine waliandika "Mungu ni mwema, utafika." Wengine waliweka vikopa vya moyo. Hilo si jibu. Mtoto ameuliza swali la kazi, anastahili jibu la kazi.

Jibu letu fupi ni hili: anaweza kufika, lakini si kwa njia anayopitishwa sasa. Na kosa linalomweka pembeni haliko Australia tu. Liko Mbarara, liko hapa Base Camp, na liko kwenye kalamu yetu sisi wenyewe. Tutafika huko.

Kwanza tueleze ule mchezo, maana hata sisi ilibidi tuuangalie kwenye simu usiku. Uwanja wao ni mviringo, mkubwa kuliko wetu kwa mbali. Kila timu ina watu 18 uwanjani. Mpira unaupiga kwa mguu au unaugonga kwa ngumi kumpa mwenzako, huruhusiwi kuurusha kwa mkono. Kila upande kuna milingoti minne. Ukiupiga ukapita kati ya ile miwili mirefu ni pointi 6, ukipita kando ni pointi 1. Kila robo ikianza, na kila baada ya goli, mpira unarudi katikati, na pale katikati kila timu inaruhusiwa watu wanne tu. Mmoja ni yule mrefu wa kuruka, wanamwita raki. Kazi yake ni kuruka na kuugonga mpira uwafikie wenzake. Wale watatu waliobaki ndio viungo. Wao ndio wanaouokota kwenye msongamano, wao ndio wanaamua uende wapi, na wanakimbia zaidi ya kilomita 12 katika mechi moja. Zawadi ya mchezaji bora wa msimu, Brownlow Medal, mara nyingi inakwenda kwa kiungo.

Kwa hiyo mmeelewa shida ya mdogo wetu. Anasimama palepale katikati, lakini kazi yake ni kuruka, kuugonga mpira na kuwaachia wengine waamue.

Sasa hesabuni pamoja nasi. Aliir Aliir alizaliwa kambi ya Kakuma, Kenya, mwaka 1994. Sydney Swans walimchukua kwenye drafti ya mwaka 2013, baadaye akaenda Port Adelaide, na mwaka 2021 akatajwa kwenye kikosi bora cha ligi nzima. Nafasi yake ni beki. Majak Daw alizaliwa Khartoum mwaka 1991, na mwaka 2013 akawa mtu wa kwanza mzaliwa wa Sudan kucheza ile ligi kuu. Alichezeshwa raki na mbele, kisha wakamrudisha nyuma. Mac Andrew alizaliwa Misri, wazazi wake ni wa Sudan Kusini. Alipita kwenye akademi ya klabu, na kwenye drafti ya mwaka 2021 Gold Coast wakamchukua akiwa wa 5 kwa wote. Naye ni raki na beki.

Njoo kwenye mpira wetu wa kawaida. Awer Mabil, mzaliwa wa Kakuma mwaka 1995, ndiye aliyefunga penalti dhidi ya Peru mwezi Juni 2022 siku Australia ilipopata tiketi ya Kombe la Dunia la Qatar. Ni winga. Nestory Irankunda alizaliwa Kigoma, Tanzania, mwaka 2006, wazazi wake ni Warundi waliokimbia vita. Huyu ni wetu kabisa, kuna watu hapa Nakivale waliopita kambi zile zile za Kigoma. Bayern Munich walimsajili akiwa bado kijana mdogo. Naye ni winga.

Rudi hata kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016, ile timu ya kwanza ya wakimbizi. Walikuwa wanamichezo 10. Watano walitoka Kakuma, na wote watano walikuwa wanariadha wa mbio. Tuliwashangilia, na tungewashangilia tena kesho. Lakini dunia imezoea kutuona tukikimbia, ikafikiri ndicho tunachojua.

Hatusemi hakuna kiungo hata mmoja mwenye asili ya kwetu. Hatudharau beki wala winga. Aliir anasoma mpira wa juu kuliko watu wengi waliozaliwa na ule mchezo. Tunachouliza ni kwa nini mtu akitutazama anaona miguu kwanza, kichwa baadaye, au kichwa asikione kabisa.

Na msifikiri tumeota. Mwaka 1970 wasomi wawili wa Marekani, Loy na McElvogue, waliangalia besiboli na futiboli ya Kimarekani, wakapanga wachezaji kwa nafasi zao. Wakakuta wachezaji weusi wamerundikwa kwenye nafasi za pembeni, na nafasi za katikati, zile za kuamua na kuwasiliana na wenzako, zimejaa weupe. Zaidi ya miaka 50 imepita. Mchezo ni mwingine, nchi ni nyingine, na mdogo wetu anaambiwa "tutaona."

Lakini hatutaki kuwatupia Wazungu mawe halafu tukalale. Tuongee ya hapa.

Kiangazi kilichopita tulipeleka vijana watano Mbarara kwa majaribio ya timu moja. Nauli tulichanga. Mama mmoja alitoa elfu tano aliyokuwa ameiweka ya sabuni. Katika wale watano mmoja ni kiungo, na kila mtu hapa anajua ni kiungo. Tangu alipokuwa anacheza na mpira wa mifuko uliofungwa na kamba za migomba, yeye ndiye aliyekuwa anageuza kichwa kuangalia nyuma kabla mpira haujamfikia. Hilo hakuna aliyemfundisha.

Kocha akawakimbiza mzunguko mmoja. Akamtazama mapaja. Akasema, "Wewe uko na spidi, nenda pembeni." Ikachezwa dakika 20. Mtoto akasimama kule kwenye mstari anasubiri mpira kama mtu anayesubiri jina lake kwenye foleni. Aliugusa mara nne, tulihesabu. Mwisho wakasoma majina, lake halikuwepo.

Tulirudi kwenye taksi tunamsema yule kocha mpaka tukapita Isingiro. Eti hana macho, eti hajui mpira. Halafu mmoja wetu akatoa kwenye begi ile karatasi tuliyompa kocha asubuhi, aliyotukatia nakala. Ina majina, umri, na nafasi ya kila kijana. Mbele ya jina lake imeandikwa: winga, ana mbio.

Mwandiko ni wetu. Kocha alisoma tu tulichoandika.

Na hatukumuuliza. Siku ile tunajaza tulikuwa na haraka, tukasema mbio ndizo zinauzika, kiungo wa kambini nani atamtazama. Yeye alikuwa amekaa kiti cha nyuma kwenye taksi, akaiona ile karatasi mkononi. Hakusema kitu. Aliomba maji tu.

Ndiyo maana tunasema barua hii inaanza na sisi. Tulikosea. Tulimwona kama wanavyotuona.

Sasa tujibu wale waliotujibu kwenye grupu, maana wapo na wana hoja. Wanasema kocha anaweka mtu pale anaposaidia timu. Kama una mbio, pembeni. Kama uko mrefu, ruka. Huo si ubaguzi, ni akili ya mpira. Tena wanasema kiungo anatengenezwa kwa miaka, na mtoto aliyeanza ule mpira wa yai akiwa na miaka 12 hawezi kushindana na aliyeuanza akiwa na minne.

Nusu tunaikubali. Kiungo ni kazi ya miaka. Hakuna mtu anapewa katikati kwa huruma, na akipewa kwa huruma atatolewa kabla ya mapumziko. Hata kule Australia, watoto wao wenyewe wanaokuja kuwa viungo wengi hawaanzii katikati. Klabu inawaweka kwanza pembeni au mbele kidogo msimu mmoja, miwili, wazoee nguvu za wakubwa, ndipo wanasogezwa ndani. Kuanzia pembeni si tusi.

Tofauti ni hii. Yule mwingine anawekwa pembeni ili afike katikati, kocha wake ana mpango huo kichwani. Wetu anawekwa pembeni ili abaki pembeni, na akiuliza anaambiwa tutaona.

Na ile hoja ya kuchelewa, hapa Nakivale haisimami kabisa. Huu mpira wa kawaida hatujauanza jana. Watoto wetu wanaucheza tangu wanajua kutembea, kila jioni, mpaka mpira hauonekani. Kama ni kuchelewa, kwa nini hata hapa tunapelekwa pembeni?

Tuseme sababu tunayoiona sisi. Winga akipoteza mpira, unatoka nje, unarushwa, maisha yanaendelea. Kiungo akipoteza, mnafungwa. Kwa hiyo katikati kocha anamweka mtu anayemwamini. Na mtu unamwamini ukishamjua, ukishaongea naye. Sisi tunaingia kwenye uwanja wa watu tukiwa wageni, lugha inapita juu ya vichwa vyetu, tunacheka wakicheka wenzetu. Kocha anaona mtoto mkimya. Hajui kwamba huyo mkimya, akiwa kwao, ndiye anayepiga kelele kuliko wote.

Na hapa ndipo wanapopoteza kitu kikubwa. Kiungo anaongea. Nendeni uwanja wowote wa Base Camp jioni mkasikilize. Beki ni Msomali, winga ni Mnyarwanda, mshambuliaji ni Mrundi, kipa ni Mbembe kutoka Fizi. Katikati kuna mtoto wa miaka 16 anawapanga wote, kwa lugha nne, ndani ya dakika moja, bila kusimama. Halafu mtoto huyo huyo akipelekwa mjini anaambiwa ana spidi.

Kuna hoja nyingine inatusumbua zaidi: eti kusoma mchezo mtu anazaliwa nako. Hapana. Ukiwa winga mstari uko mgongoni kwako, upande mmoja hakuna adui. Ukiwa katikati wanakuja mbele, nyuma, kulia na kushoto. Kuwajua hao kunapatikana kwa njia moja tu: upoteze mpira palepale, uzomewe, halafu Jumamosi inayofuata urudishwe palepale. Mtoto asiporudishwa hajifunzi. Kisha baada ya miaka mitatu watu walewale wanasema, mnaona, hajui kusoma mchezo.

Ushahidi tunao hapa, hatuhitaji kwenda mbali. Dada mmoja wa New Congo alikuwa beki kwenye ekipe ya wasichana. Hakuna aliyewahi kumfikiria kwingine. Kiungo wao akaugua malaria, na hapakuwa na mtu wa akiba, wakamsukuma yeye. Mechi ya kwanza ilikuwa aibu, tuseme ukweli, tulicheka. Ya pili alitukanwa na mashabiki wa timu yake mwenyewe. Ya tatu alianza kugeuza kichwa. Ya nne alikuwa anawaonyesha wenzake kwa mkono pa kusimama, na wanasimama. Yule aliyeugua alipopona, alirudi akakuta nafasi ina mwenyewe. Mechi nne tu, na hizo nne alizipata kwa bahati ya ugonjwa wa mwenzake. Jiulizeni ni wangapi hawajapata hiyo bahati.

Kama mnataka majina makubwa, yapo. Luka Modrić alizaliwa Croatia mwaka 1985. Vita vikaja, babu yake akauawa mwaka 1991, nyumba ikachomwa, familia ikaishi kwenye hoteli ya wakimbizi mjini Zadar. Alichezea mpira kwenye maegesho ya magari. Klabu kubwa ya eneo lile, Hajduk Split, ikamkataa kwa sababu alikuwa mdogo na dhaifu. Baadaye Dinamo Zagreb wakamchukua, wakamwazima kwenye ligi ya Bosnia, ligi ya mateke, na kule akacheza katikati. Mwaka 2018 alipewa Ballon d'Or.

Eduardo Camavinga alizaliwa mwaka 2002 katika kambi ya wakimbizi huko Angola, wazazi wake ni Wakongomani waliokimbia vita. Wakongomani wenzetu, mnasikia? Familia ikahamia Ufaransa akiwa mdogo. Mwaka 2013 nyumba yao ikaungua na kila kitu. Rennes wakamwingiza timu ya wakubwa akiwa na miaka 16, wakamweka katikati, si pembeni. Akiwa na miaka 17, Septemba 2020, akachezea Ufaransa. Tarehe 28 Mei 2022, kwenye fainali ya Klabu Bingwa Ulaya, Real Madrid na Liverpool, Modrić alianza katikati na Camavinga akaingia dakika za mwisho. Watoto wawili wa ukimbizi, kwenye fainali moja, jezi moja, wote viungo.

Na bado, hata Camavinga huyo, mara ngapi beki wa kushoto akikosekana wamemsogeza yeye pembeni akazibe? Mliotazama mnajua.

Msituambie "mnaona, kipaji kinajitokeza chenyewe." Kwa hao wawili tunachokiona ni watu wazima waliosema: huyu mtoto anabaki katikati, hata akikosea. Hajduk walikuwa na kipaji kilekile mbele ya macho yao wakakiacha kiende. Kipaji hakikubadilika, aliyebadilika ni mwenye kuamua.

Tuseme na la chakula, maana tungekuwa waongo tukiliacha. Kiungo anakimbia kuliko wote. Tangu mwaka 2023 mgao ulipopangwa kwa makundi, kuna nyumba zinapata kidogo na kuna nyumba hazipati kabisa. Kijana wetu anakuja mazoezini amekunywa chai ya rangi. Dakika ya 60 miguu inakufa, na mtu aliyekaa kivulini anaandika "hana pumzi." Hatusemi mpira utatatua mgao. Tunasema ukiandika hana pumzi, uliza kwanza amekula nini.

Na sasa kwa wale tuliowaambia wasipite haraka. Sisi tunaojitolea hapa kambini tunajua pembeni ni wapi. Tunaitwa kuhamasisha, kupanga viti, kutafsiri, kubeba spika. Mkutano wa kuamua ukianza, tunaambiwa asanteni sana, mtasubiri nje kidogo. Tunasifiwa mbio zetu. Dada yetu anayetafsiri kwa lugha tano hospitalini, nani amewahi kumuuliza yeye anaonaje? Mtoto akilelewa kwenye uwanja ambao hakuna mtu anamwachia mpira katikati, akiwa mtu mzima ataona ni kawaida kusubiri nje. Hilo ndilo linatutia hasira, kuliko hata yale majaribio.

Basi tunaomba mambo, na tunaanza na yaliyo mikononi mwetu.

Sisi wa kujitolea: kuanzia leo hakuna karatasi inajazwa nafasi ya mtoto bila kumuuliza mtoto mwenyewe. Anaandika yeye kwa mkono wake. Asiyejua kuandika tunamwandikia anachosema, si tunachofikiri kitauzika.

Makocha wa ekipe zetu, wa Base Camp, wa Juru, wa Rubondo, wavulana na wasichana: kwenye mechi za kirafiki, kila mchezaji acheze katikati angalau dakika 20. Najua mtafungwa. Fungweni. Mechi ya kirafiki haina kombe. Na anayeonyesha hamu, mrudisheni mechi nne, hata mashabiki wakizomea.

Makocha wa mjini mnaokuja kutafuta vijana: karibuni, tunawaheshimu, na tunajua mna kazi ngumu. Tunaomba kitu kimoja. Msitazame mzunguko wa kwanza peke yake. Njooni jioni moja, mkae kipindi kizima, muangalie nani anageuza kichwa na nani wenzake wanamsikiliza. Saa ya kupima mbio mnayo, hayo mengine lazima mkae muyaone.

Wazazi wetu, papa na mama: mtoto akisema anataka katikati msimwambie "nenda mbele ufunge goli ndiyo wakuone." Tunajua mnasema kwa upendo. Lakini mnamfundisha kwamba anayeonekana ndiye wa maana.

Na wewe mdogo wetu kule Australia, jibu lako hili hapa.

Kuruka usikuache. Ndiyo mlango uliofunguliwa, ingia nao. Lakini ukishaugonga ule mpira chini, usisimame kuutazama. Shuka nao, ingia kwenye msongamano, uokote. Raki anayeruka halafu anacheza kama kiungo wa nne, kocha hawezi kumwita wa kuruka tu. Fanya mazoezi ya kuokota mpira ardhini kila siku, hapo ndipo warefu wanashindwa na hapo ndipo watakupima. Tumia miguu yote miwili, na hilo unalo, ulilipata hapa kwenye vumbi letu. Ongea uwanjani, hata Kiingereza kikivunjika. Umewahi kupanga watu wa mataifa sita bila sarufi, hao hawawezi kukushinda.

Halafu nenda kwa kocha, kwa heshima, mtu na mkubwa wake. Usilalamike. Muulize: ili nicheze katikati, unataka uone nini kwangu, na lini tutaangalia tena? Akikutajia vitu vitatu, viandike, vifanye, rudi siku mliyoahidiana. "Tutaona" isiyo na tarehe usiikubali. Akikataa kukutajia hata kimoja, hapo utakuwa umejua kwamba shida si uwezo wako, na utatafuta kocha mwingine bila kujidharau.

Uwezekano wa kufika upo. Hatukuahidi, maana wengi wa kwao wenyewe wanautaka huo ubavu wa katikati na wengi watabaki nje. Lakini ukibaki nje, iwe umeshindwa palepale katikati. Isiwe kwa sababu mtu alikupima urefu akaona inatosha.

Na yule wetu wa majaribio ya Mbarara? Tulienda kwao, tukakaa na mama yake, tukaomba msamaha. Yeye hakutoka ndani mara moja. Alipotoka alituuliza kitu kimoja tu: safari nyingine lini? Tukamwambia, hatujui, lakini karatasi utaiandika wewe. Tulimpa kalamu siku ileile, kwenye karatasi tupu. Akaandika jina, umri, na pale pa nafasi akaandika namba 8, akaizungushia duara.

Jumamosi hii, saa kumi jioni, uwanja wa Base Camp. Mechi ya kirafiki, kila mtu dakika 20 katikati. Njooni mtazame. Na ukiwa kocha, mzazi, au ulishawahi kumwandika mtoto winga bila kumuuliza, andika hapa chini "nilikosea." Sisi tumeshaanza. Kisha mpelekee mwingine asome.